Hina, Mpira na Deni la Kobalti

Majani ya mhina yakipondwa na kulowekwa hutoa rangi ambayo mikono ya maharusi imeibeba kwa karne nyingi, kuanzia pwani ya Lamu hadi huku bara. Rangi hiyo ni kazi ya molekuli moja iitwayo lauzoni, na lauzoni ni ya ukoo ambao wanakemia wanauita kwinoni. Jina la ukoo huo nalo lina historia inayotugusa. Mwaka 1838 mwanakemia Mrusi, Alexander Woskresensky, alipata dutu ya manjano kutokana na asidi iliyomo katika gamba la mti wa kinkina, mti uleule unaotoa kwinini, dawa ya malaria, ambao baadaye ulipandwa kwa wingi katika milima ya Kivu. Dutu hiyo ikaitwa kwa jina lililotokana na mti. Leo kwinoni ziko mstari wa mbele katika utafiti wa betri za kuchaji. Maabara za Ulaya, Marekani na Asia zinazijaribu, lauzoni ya hina ikiwamo, zikitafuta elektrodi itakayoundwa kwa kaboni, oksijeni, haidrojeni na naitrojeni badala ya kobalti na nikeli. Betri ya namna hiyo inasifiwa kwa neno linalorudiwa kila mara: safi. Ndilo neno ninalotaka kulipima. Usafi wa kitu unakaa wapi? Katika kile kilichotumika kukiunda, au katika njia kilikopita kabla ya kufika mkononi mwa mtumiaji?

Bunia, mji wetu huku Ituri, Kongo, ina haki ya kuliuliza swali hili, ingawa kobalti haichimbwi Ituri. Inachimbwa Lualaba na Haut-Katanga, zaidi ya kilomita 1,000 kusini mwetu, na kutoka mikoa hiyo miwili hupatikana zaidi ya theluthi mbili ya kobalti yote inayochimbwa duniani. Lakini tangu 1903, watafutaji wawili Waaustralia walipoiona dhahabu katika eneo la Kilo, Ituri imejifunza maana ya kuishi juu ya kitu ambacho watu wa mbali wanakitaka kuliko wanavyowataka wanaokaa juu yake. Na mji huu unaijua betri kwa upande wa pili pia, upande wa mnunuzi. Umeme wa bwawa la Budana hautoshi, mitambo yake imechakaa, kwa hiyo nyumba nyingi, maduka, vituo vya afya na makanisa yanategemea paneli za sola na betri zinazokuja kwa lori kutoka Uganda. Kwetu betri ni taa ya mtoto anayesoma usiku na ubaridi wa chanjo. Anayedhani kwamba sisi ni watu wa shimo tu, na kwamba wenye kutumia betri wako kwingine, hatujui.

Ili hoja isimame juu ya ardhi ngumu, ni lazima kueleza kwanza kinachofanyika ndani ya betri. Betri ya lithiamu ina elektrodi mbili, na kati yake kuna kimiminika kinachopitisha ioni. Ikichajiwa, ioni za lithiamu huondoka upande mmoja na kwenda kukaa upande wa pili. Ikitumika, hurudi zilikotoka, na elektroni hupita nje kwenye waya na kuwasha taa. Mwaka 1980 kikundi cha John Goodenough huko Oxford kilionyesha kwamba oksidi ya lithiamu na kobalti inafaa sana kwa kazi hiyo, kwa sababu matabaka yake huziachia ioni nafasi ya kuingia na kutoka bila jengo lenyewe kuporomoka. Mwaka 1991 kampuni ya Sony ikaanza kuuza betri za aina hiyo. Katika kwinoni hakuna metali ya kubeba mzigo. Kazi inafanywa na atomi mbili za oksijeni zilizoshikamana na kaboni: elektroni ikifika, oksijeni huipokea, na ioni ya lithiamu au ya sodiamu huja kukaa kando yake; mkondo ukigeuzwa, vyote viwili huondoka na molekuli ikarudi ilivyokuwa. Mwanakemia anaweza kuibadilisha molekuli kama fundi cherehani anavyoikata nguo kwa kipimo cha mteja. Akiiongezea kundi la atomi lenye kuvuta elektroni, volti inapanda. Lakini molekuli ndogo za kikaboni zina udhaifu wake. Huyeyuka ndani ya kile kimiminika, zikahama mahali pake, na betri ikachoka mapema. Hazipitishi umeme vizuri, na kwa kuwa ni nyepesi hutaka nafasi kubwa. Basi wabunifu wamejaribu kuziunganisha ziwe minyororo mirefu, kuzipa chaji kama za chumvi, au kuzisanifu zishikane zenyewe kwa haidrojeni na kulala moja juu ya nyingine kama mikeka. Mwaka 2014 kikundi cha Michael Aziz wa Harvard kilionyesha betri ya kimiminika inayotumia kwinoni iliyo karibu sana na ile inayopatikana katika mmea wa rubabu. Mwaka 2024 kikundi cha Mircea Dincă wa MIT kilitangaza elektrodi ngumu ya kikaboni yenye uwezo wa kushindana na ile ya kobalti, na kampuni ya magari ya Lamborghini imechukua leseni ya hataza yake. Hii ni kazi ya akili kubwa na subira kubwa, na hakuna neno katika makala haya linaloidharau.

Turudi kwenye neno safi. Wanazuoni wa Kiislamu walilitazama jambo hili mapema, na Abu Hamid al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alilitengea sehemu nzima ya kitabu chake kikubwa kuhusu elimu za dini. Kuna kilicho haramu kwa dhati yake, na kuna kilicho haramu kwa jinsi kilivyochumwa. Nyama ya nguruwe haibadiliki hukumu hata mtu akiinunua kwa jasho lake. Mbuzi ni halali kwa dhati yake, lakini mbuzi wa wizi hahalalishwi na ubora wa nyama yake. Tofauti hiyo imo pia katika Biblia, bila istilahi za kisheria. Daudi, akiwa pangoni Adulamu na Bethlehemu ikiwa mikononi mwa Wafilisti, alitamani maji ya kisima kilichokuwa langoni pa mji. Mashujaa watatu wakapenya kambi ya adui, wakachota, wakamletea. Akakataa kuyanywa, akayamimina mbele za Mungu, kwa kuwa aliyaona kuwa damu ya watu waliohatarisha maisha yao. Hakuna kitu kisicho na hatia kama maji. Hakuna aliyeyatia sumu maji yale. Lakini njia yaliyopita iliyafanya kuwa kitu kingine machoni pa aliyeletewa, na machozi yote ya dunia yasingeweza kubadili muundo wake wa haidrojeni na oksijeni, wala muundo huo haukuwa na neno la kusema katika kesi ile.

Kobalti, ukiipima kwa mizani hiyo, haina doa katika dhati yake. Kila mwili wa binadamu unaihitaji kwa kiasi kidogo mno, kwa sababu atomi ya kobalti imekaa katikati ya vitamini B12, na bila vitamini hiyo damu hudhoofika. Ovu liko katika uchumaji. Ripoti ambayo Amnesty International na shirika la Kongo la Afrewatch zilitoa Januari 2016 ilieleza watoto waliochambua na kubeba mawe kwa saa nyingi, mahandaki yaliyochimbwa kwa mkono bila nguzo, vumbi linaloingia mapafuni, na wanunuzi wasiouliza mawe yametoka wapi. Aliyeisoma akiwa Mongbwalu, kwenye machimbo ya dhahabu ya Ituri, hakuona jambo geni. Ni dhahabu tu iliyogeuka kuwa jiwe la rangi nyingine. Sasa mbunifu wa molekuli anakuja na kusema: nimeliondoa tatizo, kwa maana nimeiondoa kobalti. Amebadili dhati. Lakini ovu halikuwa katika dhati.

Historia ya nchi hii ina kipimo cha kujaribia madai ya namna hiyo, na kipimo hicho ni mpira. Mpira ni kitu cha kikaboni tangu mwanzo hadi mwisho: ni mnyororo mrefu wa kaboni na haidrojeni, unaotoka katika utomvu wa mimea, hauna metali ndani yake hata chembe, na ukiachwa msituni unarudi udongoni. Kwa vigezo vinavyotumika leo kusifia elektrodi za kikaboni, yaani unakua upya, hauna metali nzito na hauhitaji mgodi, mpira wa msituni ungepita mitihani yote. Na mpira huo ndio uliomwaga damu nyingi zaidi katika Kongo kuliko karibu kitu kingine chochote kilichowahi kutolewa hapa. Katika Dola Huru ya Kongo, iliyokuwa mali ya Mfalme Leopold II tangu 1885 hadi 1908, vijiji vilipangiwa kiasi cha kuleta, wake walishikwa rehani mpaka waume warudi na vikapu vilivyojaa, na mikono ilikatwa ili askari athibitishe kwamba risasi haikupotea bure. Mtambaazi uliokatwa msituni haukuwa na kosa. Tairi la baiskeli lililotembea barabarani Dublin au Paris lilikuwa laini, jepesi, la kupendeza. Ukatili wote ulikuwa katika mpangilio wa watu: nani anaamuru, nani anachukua, nani hawezi kukataa. Huo ndio ushahidi wangu wa kwanza, na nauona mzito kuliko ripoti yoyote ya maabara: uhai wa kitu, ukaboni wake na wepesi wa kuoza kwake haujawahi kumlinda Mkongomani.

Ushahidi wa pili ni jinsi mpira ulivyokwisha, na ulivyorudi. Watu wenye dhamiri walipiga kelele, akiwamo mwandishi E. D. Morel, na picha alizopiga mmisionari Alice Seeley Harris zilizunguka kumbi za Uingereza na Marekani. Ubelgiji ikachukua koloni mwaka 1908. Lakini kilichoumaliza mpira wa msituni kama biashara ni mashamba ya Asia, ambayo mnamo 1913 yalishusha bei kiasi kwamba utomvu wa Kongo haukulipa tena. Kwa maneno mengine, kilikuja kibadala. Dunia ikaacha kuhitaji mitambaazi yetu. Je, shuruti ilikwisha? Kuanzia 1917 wakulima walilazimishwa kupanda pamba. Kampuni ya Lever ilikwisha kupewa misitu ya michikichi mwaka 1911, na watu wakaletwa kuikwea. Huku Ituri, migodi ya Kilo na Moto ilipata wafanyakazi kupitia machifu waliotakiwa kutoa idadi fulani ya wanaume, na vijiji vya jirani vikatakiwa kuwalisha. Kisha Japani ilipoyateka mashamba ya Asia katika Vita Kuu ya Pili, siku za kazi ya lazima ziliongezwa mwaka 1942 hadi 120 kwa mwaka, na watu wakarudishwa msituni kukinga utomvu kama babu zao. Kibadala kilikuwa kimeondoa hitaji bila kuugusa mkono ulioshika fimbo, na hitaji liliporudi, mkono ule ulikuwa bado uko pale, umeinuliwa.

Hapa msomaji mwenye huruma atanisimamisha. Atasema: watoto walio shimoni leo hawawezi kusubiri falsafa; kama molekuli itafanya jiwe lao lisinunuliwe, wataacha kushuka, na hilo latosha. Pingamizi hili ni zito na sitaki kulikwepa. Kama ningejua kwamba elektrodi ya kwinoni ingemtoa mtoto mmoja ndani ya handaki na kumweka darasani, ningeiombea usiku na mchana. Lakini tunao ushahidi wa kutosha wa kujua kwamba mambo hayaendi hivyo yenyewe. Betri zisizo na kobalti si ndoto; zile za fosfeti ya chuma tayari zilichukua zaidi ya asilimia 40 ya soko la betri za magari ya umeme mwaka 2023. Bei ya kobalti, iliyopita dola 90,000 kwa tani mapema 2018, ilikuwa chini ya dola 40,000 katikati ya 2019. Na ni Juni ya mwaka huohuo 2019, bei ikiwa imekwisha kuporomoka, ambapo ardhi ya mgodi mmoja karibu na Kolwezi iliwaangukia wachimbaji wadogo na kuua zaidi ya 30. Bei ikishuka, njaa haishuki nayo. Mchimbaji aliyekuwa akijaza magunia mawili ili kulisha nyumba hutafuta kujaza manne, au huenda kwenye shaba inayotoka katika jiwe hilohilo, au huhamia kwenye dhahabu. Shimo halimwachii mtu kwa sababu mnunuzi mmoja ameondoka. Linamwachia anapokuwa na mahali pengine pa kusimama.

Naona hapa ndipo penye kiini cha jambo lote. Kuacha kumhitaji mtu si kumtendea haki. Tajiri aliyemdhulumu mtumishi wake kwa miaka ishirini, kisha akanunua mashine na kumfungulia mlango atoke, hajatubu. Ameongeza upweke juu ya dhuluma. Waswahili husema dawa ya deni kulipa, na katika methali hiyo hakuna nafasi ya kuhama mtaa. Watu wa Tanga wanaijua hali hii bila damu na bila pingu. Miche ya mkonge iliyoletwa na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893 ilijaza pwani ya Tanganyika mashamba, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 nchi ilikuwa ikitoa zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka, ikiwa ya kwanza duniani. Nyuzi za plastiki zikaja, na pamoja na makosa mengine ya wakati ule, mkonge ukaanguka hata ukawa haufiki robo ya kiasi hicho katika miaka ya 1990. Hakuna aliyekusudia ubaya. Mwanakemia aliyebuni uzi wa plastiki hakumfikiria mkata mkonge wa Korogwe hata siku moja. Nami nasema kutomfikiria huko ndiko kunakopaswa kuchunguzwa, kwa sababu kubuni ni kuchagua nani atahitajika kesho na nani hatahitajika.

Kuna atakayejibu kwamba hakuna taifa lenye haki ya kudai soko. Kongo haikuahidiwa kwamba dunia itanunua kobalti milele, kama Zanzibar haikuahidiwa kwamba karafuu itakuwa dhahabu siku zote. Nakubali kabisa, na nakubali bila kinyongo. Serikali ya Kinshasa ilipozuia kobalti kutoka nchini Februari 2025 ili kuinua bei, na baadaye ikaweka viwango vya kuuza nje, ilitumia nguvu ya mwenye duka, na mwenye duka hawezi kumlazimisha mteja asitafute duka jingine. Lakini deni ninalolizungumzia halitokani na soko la kesho. Linatokana na kazi iliyokwisha kufanywa, mapafu yaliyokwisha kuharibika, mito iliyokwisha kuchafuliwa na faida iliyokwisha kuhesabiwa mbali na hapa. Simu zilizouzwa tangu 1991 zimeuzwa. Betri ya kuchaji imejengwa juu ya wazo zuri la kurudi: elektroni inakwenda, inarudi, mara elfu, na molekuli haikumbuki safari. Mwili wa mtu haufanyi kazi hivyo. Kilichotolewa ndani yake hakirudi kwa kugeuza mkondo, na ndiyo maana dini zote mbili za wanaoswali na wanaosali mjini hapa zinatoa amri kali juu ya ujira wa kibarua, usicheleweshwe, kabla hazijasema lolote juu ya ubora wa bidhaa aliyoitengeneza.

Wengine watanishika kwa upande mwingine na kusema kwamba kaboni iko kila mahali, kwa hiyo betri ya kikaboni itavunja utawala wa wachache; hakuna atakayepigania kitu ambacho kila mtu anacho. Ningependa iwe kweli. Lakini kaboni ya kutengenezea betri haitoki hewani tu. Kwinoni nyingi za viwandani hutokana na lami ya makaa ya mawe au mafuta ya petroli, na Ziwa Albert, linaloonekana kutoka vilima vya mashariki mwa wilaya zetu, lina mafuta chini yake ambayo yamekwisha kuvuta macho ya wengi pande zote mbili za mpaka. Kwinoni zikitoka shambani badala ya kisimani, zitahitaji shamba, na hapo Ituri lazima isimame na kusema inachokijua. Vita vilivyoanza Djugu mwaka 1999 vilianzia kwenye ugomvi wa ardhi, wa mashamba makubwa na mipaka yake, kabla havijachochewa na dhahabu na majeshi ya nje. Makumi ya maelfu ya watu walikufa, na hadi leo kambi za waliohama zimejaa. Mtu anayesema kwamba malighafi ya kilimo haina damu hajawahi kuuliza shamba limepatikanaje. Kisha tusikilize pia sababu inayotajwa mara nyingi zaidi na wanaofadhili utafiti huu. Umoja wa Ulaya uliiweka kobalti katika orodha yake ya kwanza ya malighafi nyeti mwaka 2011, na kigezo kilikuwa umuhimu wa kiuchumi pamoja na hatari ya kukosekana. Hatari kwa nani? Kwa mnunuzi. Orodha ile haikupima hatari ya kufukiwa. Nia hiyo si dhambi, kila nyumba hulinda ghala lake, lakini tusiipake rangi ya huruma, kwa kuwa nia ndiyo inayoamua kitakachofanywa kazi ikikamilika: anayetafuta usalama wake ataondoka akiupata, na anayetafuta haki atabaki kulipa.

Mwanakemia naye ana neno lake, na ndilo ninaloliheshimu kuliko mengine. Mimi, atasema, si hakimu wala waziri. Niachieni volti na uthabiti, siasa muwaulize wanasiasa. Lakini tayari anahukumu. Anapoandika vigezo vya molekuli yake, kiasi cha chaji kwa gramu, idadi ya kuchajiwa, bei ya malighafi, amekwisha kuamua ni mambo gani yana uzito. Kuongeza kigezo kingine si kuiacha sayansi. Anaweza kuuliza malighafi yake italimwa juu ya ardhi ya nani. Anaweza kuchagua molekuli inayoweza kuundwa kwa vifaa vya kawaida, ili vijana wanaosoma kemia Bunia, Kisangani na Lubumbashi wawe watengenezaji na si wanunuzi tu. Anaweza kuiandika hataza kwa namna inayowafungulia mlango. Itifaki ya Nagoya ya 2010 imekwisha kukubali kwamba jamii iliyoutunza mmea na maarifa yake ina haki katika faida ya mmea huo. Sioni kwa nini jamii iliyolipa kwa miili yake gharama ya kizazi cha kwanza cha betri isiwe na sehemu katika kizazi cha pili. Hayo hayatoshi kulipa deni. Ila yanaonyesha kwamba anayebuni analijua.

Limebaki pingamizi moja, na ni la mtu wa Bunia mwenyewe. Kama kitu hubeba njia yake, ataniuliza, mbona hatuuzimi umeme wa Budana? Bwawa lile lilijengwa na kampuni ya Kilo-Moto ili dhahabu itoke ardhini, katika zama ambazo wachimbaji walishikwa kwa shuruti, na leo linawasha taa za hospitali. Je, tuumimine kama Daudi alivyoyamimina maji? Hapana, na sababu yake inaeleza hoja yangu yote kuliko nilivyoweza kueleza hadi sasa. Maji ya Daudi yalikuwa yakipelekwa kwa mwenye amri. Umeme wa Budana, kwa uchache wake na kukatikakatika kwake, unafika katika nyumba za wajukuu wa waliodhulumiwa. Nyaya hazikubadilishwa ili zitakaswe, maji ya mto Shari ni yaleyale, turbini ni zilezile zilizozeeka. Kilichobadilika ni nani anayepokea. Vivyo hivyo hata betri ya kobalti yenyewe, kama mchimbaji wake angelipwa, angelindwa na angeamua, isingehitaji mwanakemia wa kuiosha. Na betri ya hina, ikija kwetu kama bidhaa tu ya kuuziwa na watu waliosahau kwamba tulikuwapo, itawaka vizuri usiku na bado itakuwa na kitu cha kujibu.

Kisa cha yale maji kimeandikwa katika sura ya 23 ya kitabu cha pili cha Samweli, na mara nyingi msomaji huishia pale yanapomwagika, akimsifu mfalme kwa moyo wake safi. Sura inaendelea. Baada ya maji inafuata orodha ndefu ya majina ya mashujaa wa Daudi, mmoja baada ya mwingine, na miji ya wengi wao. Wanahesabiwa kuwa 37, na jina la mwisho ni Uria Mhiti.